Kosa Liko Wapi Mtandao Unapokataa?

Kompyuta mpakato inafanya kazi vizuri ofisini. Ikifika nyumbani inakataa: alama ya Wi-Fi ipo, jina la mtandao lipo, nywila imekubaliwa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Mwenye kompyuta anawasha hotspoti ya simu, anaiunganisha, na kila kitu kinafunguka. Kufikia hapo hukumu huwa imeshatoka: ruta ya nyumbani ni mbovu. Wenzake wa nyumbani nao wana hukumu yao, tena yenye ushahidi wake: simu zao zinaperuzi kwa ruta hiyohiyo bila tatizo, kwa hiyo kompyuta ndiyo mbovu. Fundi wa kampuni ya intaneti akipigiwa simu atasema laini ni safi mpaka kwenye ruta, na fundi wa kompyuta atasema mashine ni nzima kwa sababu mezani kwake imeshika. Kila mmoja ameona jambo la kweli, na bado hukumu zao haziwezi kuwa kweli zote. Mkanganyiko huu wa kila siku unagusa swali ambalo wanafalsafa wamehangaika nalo kwa karne nyingi: tunaposema kitu fulani ndicho kilichosababisha jambo, tunasema nini hasa, na tuna haki gani ya kulisema? Hoja yangu ni kwamba kosa la aina hii, mara nyingi kuliko tunavyopenda kukubali, halikai ndani ya kompyuta wala ndani ya ruta. Linakaa katika kukutana kwao. Asiyeliona hilo hupoteza zaidi ya bando, kwa sababu hujizoesha kuhukumu kabla ya kujua.

Nianze na ushahidi. Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4 imegawanywa katika chaneli. Katika nchi nyingi duniani ruta hutumia chaneli ya 1 hadi ya 13, lakini Marekani matumizi ya kawaida huishia ya 11, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa soko la huko hazisikilizi kabisa chaneli mbili za mwisho. Chukua kompyuta iliyotoka Marekani, iwe imeletwa na ndugu au imenunuliwa mtumba, uiweke karibu na ruta iliyoachiwa ijichagulie chaneli. Ruta ikiwa kwenye chaneli ya 6 au ya 11, hakuna neno. Ikihamia ya 13 kukwepa msongamano wa mitandao ya majirani, jina la mtandao linatoweka kwenye orodha ya kompyuta ile, ilhali simu zilizomo chumbani zinaliona vizuri. Ipime kompyuta peke yake: antena nzima, programu nzima, inafuata taratibu za soko ilikotengenezewa. Ipime ruta peke yake: nzima, inafuata taratibu za nchi ilimowekwa. Hakuna kifaa ambacho fundi anaweza kukichomoa, akakinyanyua mbele ya mteja na kusema kibovu ni hiki. Hata hivyo tatizo lipo, tena halina ubishi, na mtu ameshindwa kutuma kazi yake.

Mfano wa pili uko wazi zaidi. Februari 1996 wahandisi wa intaneti walichapisha waraka uliotenga mafungu matatu ya anwani za IP kwa matumizi ya ndani, ambayo kila nyumba na kila ofisi inaweza kuyatumia bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Fungu mojawapo huanza na 192.168, na ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani zikiwa zimepangiwa 192.168.1 au 192.168.0. Sasa mfanyakazi yuko nyumbani, anaingia kwenye mtandao wa ofisi kwa VPN, na ofisi nayo imetumia 192.168.1. Akitafuta seva ya mafaili yenye anwani 192.168.1.20, kompyuta inaitafuta sebuleni, maana kwa hesabu zake anwani hiyo iko humohumo ndani. VPN inaonyesha imeunganishwa, tovuti za kawaida zinafunguka, seva ya ofisi haionekani. Akienda kwa rafiki ambaye ruta yake inatumia anwani zinazoanza na 10, kazi inaendelea. Ofisi ilichagua anwani halali, nyumba ilichagua anwani halali, na kompyuta ilifuata kanuni barabara. Ukubwa wa pakiti huleta fumbo la namna hiyohiyo. Pakiti ya Etheneti hubeba hadi baiti 1,500, lakini laini za intaneti zinazotumia utaratibu wa PPPoE huchukua baiti 8 kwa ajili ya kazi zake, zikabaki 1,492. Kompyuta inayotuma pakiti kamili hutakiwa kupata ujumbe wa kuiambia ipunguze. Fayawoli fulani njiani ikiuzuia ujumbe huo kwa nia njema ya usalama, pakiti ndogo hupita na kubwa hupotea kimyakimya: ping, yaani ujumbe mfupi wa kujaribu njia, inajibu, ukurasa unaanza kufunguka, halafu unaganda. Kila aliyehusika alifanya jambo lenye sababu, na jumla ya sababu hizo ikawa tatizo.

Mtu atasema kwamba kubadilisha mtandao ndiyo njia ya kumaliza ubishi, kwa kuwa kompyuta ikishika kwingine, kosa liko hapa. Njia hiyo ina heshima yake katika historia ya mantiki. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, aliieleza kwa uangalifu mkubwa: tukipata hali mbili, moja yenye tukio na nyingine isiyo nalo, na hali hizo zikafanana katika kila jambo isipokuwa moja, basi hilo moja ndilo kisababishi au sehemu ya lazima ya kisababishi. Uzito wote wa kanuni hiyo umebebwa na maneno «isipokuwa moja», na hapo ndipo tunapoteleza. Anayetoka kwenye Wi-Fi ya nyumbani kwenda hotspoti ya simu anadhani amebadilisha kitu kimoja. Ukweli ni kwamba amebadilisha ruta, chaneli, nguvu ya mawimbi, anwani ya IP, seva ya DNS inayotafsiri majina ya tovuti, kampuni ya intaneti, na pengine njia nzima ambayo data inapita kwenda ng'ambo. Hata kompyuta yenyewe, ambayo tunaihesabu kuwa ileile, haikubaki ileile. Windows hupanga kila mtandao katika kundi, kwa mfano la faragha au la umma, na fayawoli yake ina kanuni tofauti kwa kila kundi. Kompyuta inaweza kuwa na anwani iliyoandikwa kwa mkono katika mtandao mmoja, na katika mwingine ikapewa anwani moja kwa moja. Mifumo ya sasa inaweza hata kujitambulisha kwa anwani tofauti ya MAC, yaani ya kifaa chenyewe, katika kila mtandao ili kulinda faragha ya mtumiaji. Kwa hiyo jaribio la hotspoti linatuambia jambo moja tu la hakika: kuna tofauti fulani kati ya hali hizi mbili, na tofauti hiyo ina maana. Kutoka hapo hadi kuilaani ruta kuna safari ndefu, na wengi wetu huiruka kwa hatua moja.

Pierre Duhem, mwanafizikia wa Ufaransa, aliliona tatizo hili katika maabara. Katika kitabu chake cha mwaka 1906 alidai kwamba mwanasayansi hawezi kamwe kupeleka nadharia moja peke yake mbele ya jaribio. Anapeleka kundi zima la nadharia, pamoja na imani yake juu ya vyombo anavyopimia, na jaribio likishindwa linamwambia tu kwamba ndani ya kundi hilo kuna kitu hakiko sawa, bila kumwonyesha ni kipi. Alimfananisha mwanafizikia na tabibu, akamtofautisha na fundi wa saa. Fundi wa saa anaweza kuifungua na kukagua gurudumu mojamoja mpaka akute lililovunjika. Tabibu hawezi kumtenganisha mgonjwa vipandevipande, bali analazimika kukisia chanzo cha ugonjwa kwa kutazama mwili mzima unavyoenda. Mtandao una tabia ya mwili. Hata hivyo Duhem hatuachi gizani, kwa sababu tabibu mzuri anajua kuuliza maswali kwa mpangilio. Anayetafuta tatizo la intaneti kwa utulivu hufanya vivyo hivyo. Kwanza anatazama kama kompyuta imepewa anwani. Akikuta inayoanza na 169.254, anajua kompyuta imejipa yenyewe kwa kuwa hakuna aliyeijibu ilipoomba. Kisha anaipigia ping ruta, kisha anwani ya mbali kama 8.8.8.8, kisha jina la tovuti. Ikiwa 8.8.8.8 inajibu na jina halijibu, shaka inahamia kwenye DNS, na sehemu kubwa ya njia kati ya kompyuta na dunia imeondolewa lawama. Katika kila hatua anabakiza mambo yote kama yalivyo na kuongeza swali moja. Anaikaribia kanuni ya Mill kadiri dunia inavyomruhusu, kwa uvumilivu na bila kelele.

Pingamizi la kwanza ni la haki: kuna makosa ambayo kweli yanakaa ndani ya kitu kimoja. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa itawaka ikidhani ni mwaka mwingine, na tovuti salama zitakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vinaonekana havijaanza au vimeshapitwa na wakati. Mpaka saa irekebishwe, hali itakuwa hiyohiyo ofisini, nyumbani na hotelini. Upande wa pili, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwa pwani yetu, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku ile hakuna mpangilio wowote wa kompyuta ambao ungeziunganisha nyaya hizo. Nakubali yote mawili, wala sisemi kwamba vitu haviharibiki. Ila tuangalie tulivyofikia uhakika katika mifano hiyo. Kompyuta yenye saa mbovu tunaihukumu baada ya kuiona ikishindwa katika mitandao mingi huku nyingine zikishika. Nyaya tunazihukumu baada ya kuona vifaa vya kila aina, katika nyumba nyingi na kampuni nyingi, vikikwama saa moja. Kusema «kosa ni la kitu hiki peke yake» ni hitimisho la mwisho, linalopatikana baada ya mahusiano mengi kuchunguzwa. Tena siku ile ya Mei, mtu wa Dar es Salaam aliyehama kutoka kampuni moja kwenda nyingine yenye njia tofauti ya kutokea nje angeweza kuona nafuu, akaapa kwamba ruta yake ndiyo iliyokuwa mbovu. Jaribio lake lingekuwa la kweli na hukumu yake ya uongo.

Pingamizi la pili ni la mtu mwenye haraka. Anataka kutuma barua pepe kabla ya saa kumi, na falsafa ya visababishi haimhusu. Azime ruta, aiwashe, ikishika imeshika. Simlaumu anayefanya hivyo mara moja, kwa sababu haja ya mtu ni haja, na kuwasha upya huondoa kweli hitilafu nyingi za muda. Lakini kuwasha upya kunafuta ushahidi pamoja na tatizo. Ruta inayowaka upya inaweza kuchagua chaneli nyingine, kugawa anwani upya na kufungua laini upya kwa kampuni, yote kwa mpigo, na aliyeizima hawezi kujua ni lipi kati ya hayo lililomsaidia. Wiki ijayo tatizo likirudi ataizima tena, na atakuwa amejifunza ibada badala ya sababu. Hapa pana madhara zaidi ya kompyuta moja. Familia hununua ruta mpya isiyoihitaji, kompyuta nzima huuzwa kwa bei ya kutupa, na fundi mchanga huzoea kubadilisha vifaa mpaka tatizo liondoke, kisha akamtoza mteja kwa vifaa ambavyo havikuwa na kosa. Kutojua sababu kuna gharama, na mara nyingi anayeilipa ni yule mwenye uwezo mdogo wa kubishana na fundi.

Pingamizi la tatu linatoka kwa mtu wa dini, na linastahili jibu la heshima. Anasema visababishi vyote viko mkononi mwa Mungu, na kwamba kuning'iniza matukio kwenye ruta na chaneli ni kusahau nani anayeendesha mambo. Katika historia ya Uislamu hoja hii ilipata mtetezi mkubwa, Imamu al-Ghazali, ambaye katika Tahafut al-Falasifa, kitabu cha mwishoni mwa karne ya 11, alitumia mfano wa pamba na moto. Tunachokiona, alisema, ni pamba kuungua wakati inapogusana na moto. Hatuoni kwamba imeungua kwa nguvu ya moto wenyewe. Karne iliyofuata Ibn Rushd alimjibu kwamba anayekana visababishi ameikana akili, kwa sababu kujua kitu ni kujua sababu zake. Mzozo wao haujaisha hadi leo, na sidhani tatizo la Wi-Fi litaumaliza. Lakini wote wawili wanafaa kusikilizwa hapa. Al-Ghazali hakufundisha uvivu. Alikubali kwamba Mwenyezi Mungu ameyapitisha mambo kwa desturi iliyo thabiti kiasi kwamba tunaweza kuitegemea katika maisha yetu, na onyo lake juu ya kuchanganya «wakati» na «kwa sababu» ndilo hasa wanalolihitaji wanaoihukumu ruta. Kompyuta ilikataa wakati ilipokutana na ruta ile. Kwamba ilikataa kwa sababu ya ruta bado ni dai linalotaka ushahidi. Ibn Rushd naye anatukumbusha kwamba baada ya onyo hilo kazi ya kutafuta ingalipo. Anayesema «ni mapenzi ya Mungu» ili asichunguze amewakosea wanazuoni wote wawili.

Pingamizi la nne ndilo zito kuliko yote. Kama kosa linakaa katika kukutana, basi hakuna mwenye kosa, na kila mtu atapata pa kujifichia: kampuni itasema ni kompyuta, fundi atasema ni mtandao, na mteja ataachwa mlangoni. Jibu langu ni kwamba kutafuta kisababishi na kugawa wajibu ni kazi mbili. Katika mgongano wa anwani za VPN hakuna aliyevunja kanuni, lakini msimamizi wa mtandao wa ofisi ndiye aliyejua kwamba wafanyakazi wangeunganisha kutoka majumbani, na ndiye anayeweza kuchagua fungu la anwani lisilo la kawaida bila kumsumbua mtu. Kwa hiyo wajibu ni wake, ingawa kosa si lake peke yake. Wajenzi wa intaneti walilifikiria jambo hili mapema. Mwaka 1980 Jon Postel, katika maelezo ya TCP, mojawapo ya taratibu za msingi za mawasiliano ya intaneti, aliweka kanuni kwamba kila programu iwe makini katika inachofanya na iwe na uvumilivu katika inachopokea. Huo ni wajibu wa kukutana: kila upande unatakiwa kujiandaa kwa udhaifu wa mwenzake. Baadaye wahandisi wengine waliona hatari yake, na waraka wa mwaka 2023 ulionya kwamba uvumilivu usio na mipaka huyaacha makosa yaote mizizi mpaka kila mmoja alazimike kuyaiga. Onyo hilo linaikamilisha hoja yangu. Kuhifadhi uhusiano kunataka uvumilivu, na kunataka pia mtu aseme wazi kilichokosewa ili kirekebishwe. Anayejificha nyuma ya neno «kukutana» hajafanya lolote kati ya hayo mawili.

Nimelishikilia swali hili kwa sababu namna tunavyohukumu vitu huwa mazoezi ya namna tunavyohukumu watu. Methali yetu inasema mkamatwa na ngozi ndiye mwizi, na katika mambo mengi ya dunia imesaidia. Lakini mbele ya jambo lenye pande nyingi inatufundisha kumshika aliye karibu. Mwanafunzi anayeshindwa katika shule moja na kung'aa katika nyingine, mfanyakazi aliyeonekana mzembe chini ya msimamizi mmoja na hodari chini ya mwingine, wote tumezoea kuwaeleza kwa tabia yao ya ndani, kama vile mahali walipokuwa hapakuwa na mchango. Mtu si kompyuta: ana hiari, ana dhamiri, na anaweza kuwajibika hata pale mazingira yanapomkaba. Kwa hiyo simwondolei yeyote wajibu wake. Nadai kitu kidogo zaidi, kinachotakiwa kwa mtu na kwa mashine vilevile: kabla hatujasema «hiki ni kibovu», tuwe tumeuliza kibovu pamoja na nini, katika hali gani, na nini kilibadilika kilipofanya kazi. Fundi anayeandika kwenye kitabu chake cha kazi kwamba kompyuta hii, kwenye ruta hii, katika chaneli hii, haikupata anwani, amemsaidia fundi atakayemfuata hata kama yeye mwenyewe hakufaulu. Fundi aliyeandika «laptop mbovu» amefunga mlango. Sentensi ya kwanza ni ndefu na haimridhishi mwenye hasira, lakini ni ya kweli kwa kadiri ya alichokiona, na uaminifu huo ndio msingi wa elimu yoyote ya visababishi tuliyo nayo.